Kondo Lililolala Mlangoni

Damu yangu haikuuma. Nianzie hapo, maana kama kuna dada anasoma hii akiwa na mimba na ameona kitu kwa nguo yake, nataka alijue hilo kabla ya lingine lolote. Haikuuma hata kidogo. Ndiyo sababu ilikaribia kutumaliza, mimi na mtoto.

Tulikuwa shambani kwa chai asubuhi, kwetu Boito, mimi na mume wangu Kipkoech. Mimba ilikuwa imepita miezi sita. Usinilaumu kwamba nilikuwa nachuma. Kwetu mjamzito hahesabiwi kuwa mgonjwa, na majani yakiwa tayari hayangojei mtu ajifungue. Umande wa Boito anaujua aliyeuchumia. Unajifunga gunia la nailoni kiunoni, unavaa gambuti, na bado jua likitoka umelowa mpaka soksi. Kwa hivyo niliposikia unyevu ukiteremka mapajani nikasema, ah, gunia limetoboka. Nikaendelea. Nikamaliza laini yangu, tena nikamcheka Kipkoech kwamba ameachwa nyuma na mwanamke mwenye tumbo.

Yeye hakucheka. Alikuwa ananiangalia miguu.

"Wambui," akasema, "hiyo si umande."

Nikaangalia. Gambuti ya kushoto ilikuwa imejaa wekundu mpaka kwenye kisigino. Na mimi nilikuwa nimesimama pale mzima kabisa, sina hata kichomi, kikapu mgongoni. Nikamwambia, "Lakini hainiumi." Nilimwambia hivyo mara nyingi njiani, kama mtu anayejitetea mbele ya chifu.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu na wanawake wengine, kila mmoja akishika tumbo lake na kumpima mwenzake kwa macho. Mama mmoja aliniuliza kama nina uchungu. Nikasema sina. Akasema, "Basi wewe uko sawa, ni joto tu ya mwili." Nilimpenda sana yule mama kwa dakika chache. Halafu nikaitwa kwa skani, na daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya chini, akanyamaza muda mrefu akisukuma ile mashine juu ya tumbo langu. Dada, utakijua kile kimya ukikipata.

Akanieleza hivi: kondo la nyuma, ile nyama inayomlisha mtoto kupitia kitovu, kwa kawaida hukaa juu. Langu lilikuwa limelala chini kabisa, mlangoni. Mtoto hawezi kutoka bila kulipasua, na likipasuka tunaenda wawili. Halafu kulikuwa na jambo la pili. Nilimzaa binti yangu wa kwanza, Chebet, kwa operesheni, na kondo hili lilikuwa limeketi palepale kwenye mshono wa zamani. "Inawezekana limeota mizizi hapo," daktari akasema. "Tutaangalia tena."

Akanipa masharti. Nisibebe, nisichume, mume asinikaribie, na mtu yeyote, hata awe nani, asiniguse tumbo kunikanda. La mwisho, nikae mahali ambapo nikianza kutokwa damu naweza kufika theta, chumba cha operesheni, haraka. Akauliza tunaishi wapi. Kipkoech akasema Boito, ndani. Daktari akaangalia dirishani, mvua ilikuwa inanyesha, na sote watatu tuliijua hiyo barabara.

Sasa nikujulishe kwa mama mkwe wangu, tunamwita Kogo, yaani nyanya, tangu Chebet azaliwe. Mimi ni Mkikuyu wa Kapsoit. Nimezaliwa nyuma ya duka la mbegu la babangu, na Kikipsigis changu kinawashinda wengine waliozaliwa nacho. Kogo akinipenda hunisemesha Kikipsigis. Akinikasirikia hurudi kwa Kiswahili, kama mtu anayeongea na mgeni wa serikali. Na Kogo ndiye mkandaji wa upande wetu wote wa Boito. Mimba ikikaa vibaya, mwanamke huletwa kwake, hulazwa kwenye ngozi, na ile mikono yake mikubwa hupakwa mafuta na kumgeuza mtoto polepole mpaka akae sawa. Hata mimi nilimwona akifanya. Si mchezo.

Tulipofika nyumbani alikuwa ameshapasha mafuta.

"Lala hapa," akasema kwa Kikipsigis. "Nimekuangalia tangu juzi. Mtoto amekaa kama boriti. Nitamgeuza, kila kitu kitanyooka."

Alikuwa amesema kweli, mtoto alikuwa amelala kwa upana. Alilala hivyo kwa sababu kondo lilimchukulia nafasi yake. Nikamweleza. Nikamwambia daktari amekataa nisikandwe, damu inaweza kufunguka.

Kogo akaiweka sufuria chini. "Nani alisema mkono yangu ni mbaya?" Alikuwa ameshahamia Kiswahili. "Hii mkono imegeuza watoto ya Boito yote. Imegeuza mpaka bwana yako."

"Mama, si mkono wako. Ni kondo."

"Basi nigeuze polepole."

"Hapana. Usinishike."

Nilisema kwa ukali, nakubali, na nikaweka mikono yangu miwili juu ya tumbo kama mtu anayemkinga kuku asichukuliwe na mwewe. Kipkoech alisimama mlangoni. Kogo akamwangalia mwanawe, akaniangalia mimi, akayamwaga yale mafuta nje kwenye majivu. Nilipomwambia kwamba nahamia kwa mamangu Kapsoit kungoja, kwa sababu pale ni lami mpaka hospitali, aliuliza jambo moja tu: "Mtoto ya Boito izaliwe Kapsoit?" Nilimpa kisogo. Nilikuwa nimeogopa sana na sikuwa na adabu iliyobaki.

Kungoja ni kazi, na hakuna anayekupa pole kwa ajili yake. Kapsoit nililala chumba changu cha zamani, magunia ya mbegu upande mmoja. Mamangu hakunikubalia niinue hata kikombe. Mimi ni mtu wa mdomo na miguu, nimezoea kuzunguka, na sasa nilikuwa nimewekwa kama yai. Kila nikienda choo nilikuwa na kitambaa cheupe. Najipangusa, naangalia. Hakuna kitu, nashukuru, narudi kitandani, na kabla sijakaa vizuri naanza kuogopa safari inayofuata. Miguu ilivimba mpaka ndala za babangu ndizo zilizoniingia. Fizi zilitoka damu nikipiga mswaki, na mara moja nilipiga nduru nikidhani ni kule chini, mamangu akaja mbio na mwiko mkononi. Tulicheka mpaka akaniamuru ninyamaze, eti kicheko nacho ni mzigo.

Kipkoech alikuja kila walipomaliza kuchuma raundi, akishapeleka majani kituoni. Hivyo ndivyo nilivyohesabu muda: raundi moja, ya pili, ya tatu. Aliniletea mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu cha mamake, na hapo nilijua Kogo amekubali kibuyu kitoke nyumbani, ingawa salamu hakutuma. Chebet alibaki Boito kwa sababu ya shule. Aliniuliza kwa simu kama mtoto ameshaamka.

"Mama hali chakula vizuri," Kipkoech aliniambia siku moja. "Anasema umemwaibisha. Watu wanamwuliza, wewe mkandaji, mbona mke wa mwanao amekimbia?"

"Na wewe unamjibu nini?"

Akainamisha kichwa.

"Kipkoech, mimi nalala na kifo mlangoni, na wewe unaniletea aibu ya mamako kama kikapu nikubebee?"

Aliondoka bila kumaliza chai. Nilijuta kabla hajafika stejini, lakini simu sikupiga.

Halafu ikaja ile mvua ya mawe. Wenye chai wanajua, ikipiga inaacha shamba uchi, vijiti tu. Ilianza mchana, mabati yakapiga kelele mpaka sikumsikia mamangu akiniita. Nilikuwa nimelala tu, sikuinua kitu, sikucheka, sikufanya lolote, na shuka ikalowa. Nilijua kabla ya kuangalia. Safari hii sikudanganyika na umande.

Jirani wa mamangu huuza kabichi. Alishusha kabichi zake palepale barabarani kwenye mvua, akanilaza nyuma ya gari juu ya majani yaliyobaki, mamangu akinishikilia miguu juu. Harufu ya kabichi mpaka leo hunifanya nitake kulia, na kabichi naipenda. Wodini wakanitia dripu mikono yote miwili. Wakanidunga sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, zikanichoma nyonga kama pilipili. Sista mmoja mnene aliniwekea kipaza sauti tumboni, na katikati ya kelele yote ya wodi nikasikia moyo wa mtoto ukikimbia. "Huyo hajali," Sista akasema. "Wewe ndiye unasumbuka."

Damu ikasimama. Sikurudi Kapsoit. Daktari yule wa sauti ya chini akaja akavuta pazia, na ukiona daktari amevuta pazia, shika kitu. Kondo lilikuwa limeota mizizi kwa kweli, akasema, limeshika mshono. Mtoto wangemtoa kwa operesheni mapema kabla sijaanza uchungu. Lakini kondo wakijaribu kulibandua, ningetoka damu yote. Ingebidi watoe kondo na nyumba ya mtoto pamoja.

Nilikuwa na mtoto mmoja na nusu, na nilikuwa nataka wanne. Nilitukana, dada. Namshukuru Mungu mamangu alikuwa ameenda kununua maji. Kipkoech alipokuja nikamweleza, akashika chuma cha kitanda, akasema, "Wewe kwanza. Wengine ni hadithi." Kama kuna siku nilimsamehe yote, ni hiyo.

"Na mamako?" nikauliza.

"Mimi siwezi kumwambia," akasema.

Nilimwelewa. Kwa Kogo, kondo la mtoto si taka. Linarudishwa nyumbani, linazikwa nyuma ya jiko, na mkono wake ndio unaozika. Yeye ndiye aliyenifundisha, alipozika la Chebet: kondo likitupwa nje, tumbo la mama hufungwa, na mtoto hukua akitangatanga. Sasa nani angemweleza kwamba hili halitarudi, na kwamba tumbo lenyewe halitafunguka tena?

Wodi iliomba watu wa kutoa damu. Ndugu zangu walikuja kutoka Kapsoit, na Kipkoech akaja na wachumaji wenzake. Wengine walikuwa hawajawahi kuona sindano tangu shule. Mmoja alizirai, akapewa soda, na mpaka leo anadai nimpe heshima. Siku hizi nikigombana na mtu Kipkoech husema ile ni damu ya yule jamaa wa soda.

Operesheni ilikuwa ipangwe, lakini mwili hauna saa. Asubuhi moja nilikuwa nanywa uji nikasikia joto lile tena, na safari hii halikuteremka, lilimwagika. Sista akapiga kelele, kitanda kikaanza kukimbia na mimi juu yake. Mlangoni mwa theta kikasimama kidogo wakifungua milango, na hapo, kwenye benchi la ukutani, nikamwona Kogo. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Magotini alikuwa na ndoo nyeupe ya mafuta ya kupikia, imesuguliwa ikang'aa, ina kifuniko.

Sijui aliamka saa ngapi kutoka Boito. Alikuja bila kuitwa, siku ileile, na sina maelezo.

Akainuka. "Nimekuja na hii," akasema, kwa Kiswahili, akigonga kifuniko. "Usiogope. Kitu yako hawatatupa. Mimi nangoja hapa mpaka wanipatie."

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Milango ikafunguka, nikaingizwa.

Nilipoamka midomo ilikuwa imekauka na tumbo lilikuwa jepesi vibaya, kama nyumba iliyohamwa. Mamangu alikuwa pale. Akasema, "Ni msichana. Ni mdogo, lakini analia kama mtu anayedai." Halafu akalia yeye. Sikuuliza kuhusu lile lingine. Unajua tu.

Kogo aliruhusiwa kuingia jioni. Alikuwa bado na ndoo, na alikuwa amekasirika. "Wananizungusha," akasema. "Nauliza wale wasichana, wanasema ngoja, ngoja. Iko wapi?"

Kipkoech alikuwa nyuma yake, akiangalia sakafu. Basi nikasema mimi, kwa Kikipsigis, kwa sauti ile ndogo niliyokuwa nayo. "Hakuna kondo, Mama. Lilishikana na nyumba ya mtoto. Wametoa yote pamoja, na hawatoi nje, wameyachoma kulekule. Sitazaa tena."

Uso wake haukubadilika hata kidogo. Aliangalia ndoo, akabonyeza kifuniko chake kwa kidole gumba, mara moja, akahakikisha kimefungwa. Akageuka akatoka. Kipkoech alimwita, hakugeuka.

Siku zikapita, Kogo hakurudi. Kuna uchungu wa mshono, ule una dawa. Huu haukuwa na dawa. Nilikaa kwenye chumba cha watoto wadogo nikimweka binti yangu kifuani, ngozi kwa ngozi, kama Sista alivyonifundisha. Alikuwa na uzito wa pakiti ya unga na miguu kama ya kifaranga. Nilikuwa namsemesha, nikimwambia nyanya yake hampendi kwa sababu yangu. Ndiyo, nilimwambia hivyo mtoto mchanga. Nilikuwa na hasira, na maziwa yalikuwa yanatoka kidogo, na usingizi haukuwepo. Kipkoech nikimwuliza mamake anafanya nini, alisema tu, "Yuko nyumbani. Hataki kuongea na mtu." Mvua ilikuwa haikatiki. Kwa sababu hiyo tukamwita mtoto Cherop, wa mvua, na Njeri, jina la mamangu.

Asubuhi moja Sista alimfungua nepi akasema, "Kumbe!" Kitovu kilikuwa kimedondoka. Kitu kikavu, cheusi, kidogo kama mbegu ya boga. Alitaka kukitupa, nikamshika mkono. Nikakifunga kwenye pamba, nikakitia ndani ya sidiria. Ndicho kitu pekee kilichobaki cha safari ile yote.

Tuliporuhusiwa, mamangu alitaka nirudi Kapsoit. Nikasema hapana, nakwenda Boito. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe niko mlangoni nikiona. Kipkoech aliazima gari la yule jirani wa kabichi, akaendesha polepole kwenye matope. Chebet alikimbia kutupokea getini, akafunua shali akamwangalia dada yake, akasema ni mbaya. Halafu akasema, "Mama, Kogo anachota maji kwa shimo kila siku na ile ndoo."

"Shimo gani?"

"Lake, nyuma ya jiko. Alichimba siku ile alirudi hospitali. Mvua inajaza, yeye anamwaga. Hata mimi hanikubalii nicheze hapo."

Nilimpa Kipkoech mtoto. Nikaenda nyuma ya jiko nikishika mshono, polepole, pale chai inapoanzia. Mvua ya mawe ilikuwa imeipiga na chai ya huku, lakini ilikuwa imeanza kuchipuka tena, kijani kile kidogo. Kogo alikuwa ameinama, gauni limefungwa kiunoni, akikwangua matope ya chini kwa mkono. Shimo lilikuwa refu la kufika magotini, limenyooka pande zote. Ndoo ilikuwa kando.

Nikatoa pamba kifuani nikaifungua. "Nimeleta hiki," nikasema. "Ni kitovu chake. Ndicho tu kilichopatikana."

Akakipokea kwa mikono miwili. Akakiangalia, kidogo vile, kwenye ile mikono ya kugeuza watoto. Akakiweka ndani ya ndoo, akashuka na ndoo, akakitoa, akakilaza chini katikati. Hakikuonekana hata. Nilisimama naangalia shimo lile kubwa, na kwa sababu mimi mdomo wangu haujui kunyamaza, nikauliza.

"Mama, shimo kubwa hivi la kitovu?"

Akapanda juu, akajipangusa. Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu yale mafuta. Aliponijibu alinijibu kwa Kikipsigis.

"Si la kitovu peke yake. Kitovu ni cha mtoto. Hili ni la ile nyumba yako waliyoichoma huko. Mwanamke wa boma hili hawezi kuachwa nusu yake nje."

Akachota udongo, akanijaza kiganjani, akanikunjia vidole. Nikaurusha. Nikalia kwa sauti, kule kulia ambako wodini kulikuwa kumenikwama, na Kogo akaendelea kufukia taratibu kwa jembe, hakuniambia ninyamaze.